Mkaja wa Ndani: Uti wa Mgongo, Pumzi na Sala Zetu

Kila Mwislamu asomaye Sura At-Tin hupita katika aya ya nne, ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu Mtukufu atujulisha kwamba amemwumba mwanadamu katika umbile lililo bora. Watoto wetu huihifadhi aya hiyo chuoni wakiwa wangali wadogo, na sisi twaisoma katika sala mara kwa mara. Wengi wetu tukiisikia hufikiri sura tu: macho, pua, rangi na uzuri wa uso. Lakini wafasiri, na miongoni mwao Ibn Kathir, walipoieleza walitaja pia kimo: kwamba mwanadamu amenyoshwa, akasimama wima kwa miguu miwili, na viungo vyake vikalinganishwa.

Kusimama huku tumekuzoea hata hatukuoni kuwa ni neema. Mlingoti wa jahazi ni mti mnene uliochongwa, na juu ya hivyo hausimami ila kwa kamba zilizokazwa kila upande. Uti wa mgongo wa mwanadamu haukupewa hata unene huo. Kwa kawaida ni pingili 33 zilizopangwa moja juu ya moja: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana nyuma ya nyonga, na 4 ndogo za kifandugu. Wachunguzi walipoujaribu uti wa kiuno ulioachiwa kano zake lakini ukaondolewa misuli yote, waliona wapinda na kushindwa kwa uzito wa kilo 9 hivi. Huo si uzito hata wa ndoo moja ya maji iliyojaa. Na mtu mzima hubeba kichwa chake, kifua chake na mikono yake, kisha akaongeza juu yake ndoo, mtoto, au gunia, wala asivunjike. Ni kitu gani basi kimshikacho?

MKAJA TUUJUAO NA MKAJA TUSIOUJUA

Mama zetu wa mwambao wanaujua mkaja. Ni kitambaa kirefu ambacho mzazi hufungwa tumboni baada ya kujifungua, ili tumbo lililolegea lishikwe na kiuno kipate egemeo. Na kwa kuwa tumbo la mama ndilo lililobeba, ada zetu za ndoa zimelihifadhi jina hilo: posa ikikubaliwa, miongoni mwa mambo yatajwayo ni mkaja wa mama, kama kilivyotajwa kilemba cha baba. Wazee wetu walijua kwamba uzazi huacha deni katika mwili wa mwanamke.

Lakini kuna mkaja mwingine, ambao haukufungwa na mkunga. Tumbo la mwanadamu lina matabaka ya misuli. Tabaka la mbele, lile ambalo vijana wanyanyuao vyuma hupenda lionekane, ndilo lisifiwalo. Tabaka la ndani kabisa hakuna alionaye. Nyuzi zake hazikupanda kutoka nyonga kwenda kifuani. Bali zazunguka ubavu kutoka kiunoni kuja mbele, mfano wa kitambaa kilichozungushwa. Huo ndio tuuitao katika makala haya mkaja wa ndani. Kila mtu anao, mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto.

Mkaja huu una wenzake watatu. Juu yake pana kiwambo, msuli mpana uliowambwa baina ya kifua na tumbo kama ngozi ya ngoma, nao ndio mkuu wa kazi ya kuvuta pumzi. Nyuma mna misuli midogo midogo ishikayo kila pingili na ya jirani yake. Na chini, ndani ya nyonga, mna misuli iliyotandikwa kama machela, ambayo matabibu huiita sakafu ya nyonga. Sakafu hiyo ndiyo ibebayo kibofu na mwisho wa utumbo, na kwa wanawake mfuko wa uzazi. Nayo ndiyo isaidiayo kuzifunga njia za haja mpaka wakati wake.

Nne hizi ni kama nyumba moja: paa, sakafu, ukuta wa nyuma, na ukuta uzungukao. Tukivuta pumzi, paa lashuka na sakafu yalegea kidogo kulipokea. Tukitoa pumzi, vyote viwili vyapanda. Tukikohoa, tukicheka au tukinyanyua kitu kizito, nguvu yasukuma kila upande wa nyumba, na kuta zote zatakiwa zikaze kwa pamoja. Ikiwa upande mmoja ni dhaifu, nguvu ile hutafuta pa kutokea. Ndiyo maana mtu aweza kuwa na mikono ya chuma na kifua kipana, na hali kiuno chamwuma kila ainamapo kufunga kamba za viatu.

Katika mwaka wa 1996 wachunguzi wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walitangaza jambo la kutia ibra. Walimwambia mtu ainue mkono wake kwa haraka, huku wakipima misuli yake. Wakaona kwamba msuli ule wa ndani wa tumbo hukaza kabla msuli wa mkono haujaanza kazi. Yaani mwili hujiweka tayari kwanza, kisha hutenda. Lakini kwa watu waliokuwa wakisumbuliwa na maumivu ya kiuno, msuli ule ulichelewa. Mkono ulikwisha ondoka na mkaja ungali umelegea. Sisi tuliofunzwa kwamba kila amali hutanguliwa na nia hatuwezi kuisoma khabari hii bila ya kumtukuza Muumba.

Hata hivyo haifai kutia chumvi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba, kwa mtu mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, mazoezi ya misuli hii peke yake hayakupita sana mazoezi mengineyo. Asemaye kwamba msuli mmoja ni dawa ya kila ugonjwa amepotoka au auza kitu. Tusemalo sisi ni kwamba mwili ni nyumba moja, na nguzo zake za ndani hazifai kusahauliwa kwa sababu hazionekani.

MAMA ALIYEACHA TARAWEHE

Tunamjua mama mmoja, mwenyeji wa mji mmojawapo wa mwambao, aliyezaa watoto watano na kuwalea kwa taabu na heshima. Mama huyu alikuwa hakosi katika safu za wanawake kila Ramadhani. Kisha, mwaka mmoja, hakuonekana. Alipoulizwa alisema magoti yamwuma. Mwaka wa pili akasema ana wageni. Mwaka wa tatu watu hawakumwuliza tena.

Siku moja alikuja kuposwa binti yake. Wanawake waliketi ndani mkekani, na ilipofika khabari ya mkaja, wifi yake alifanya mzaha: "Wifi, mkaja wako wewe usiwe wa mchezo. Watano si haba!" Wote wakacheka, na yeye akacheka. Ghafla akanyanyuka, akajikusanya kanga zake, akatoka. Wifi yake, ambaye alikuwa muuguzi mstaafu, alimfuata uani akamkuta analia. Hapo ndipo aliposema kwa mara ya kwanza jambo alilolificha kwa miaka mitano: kwamba tangu kuzaliwa kwa kitinda mimba wake, kila akohoapo, achekapo au anyanyuapo ndoo, mkojo humtoka bila ya khiari yake. Katika sala alikuwa hajui ni rakaa ipi itakayomvunjia udhu. Alikwisha jaribu kusali hali akibana pumzi yote. Mwisho aliona ni afadhali akae nyumbani kuliko kuaibika safuni.

"Mbona hukuniambia, wifi yangu?" yule muuguzi alimwuliza.

"Jambo hili nilisemeje?" akajibu. "Nilidhani ndivyo mtu azeekavyo."

Tumelisimulia hili kwa idhini yake, bila ya kutaja jina, kwa kuwa twajua kwamba katika nyumba nyingi yumo mwanamke asomaye makala haya ambaye khabari hii ni yake. Na si wanawake peke yao. Wanaume waliopasuliwa tezi ya kibofu nao huweza kupatwa na jambo hili hili. Tatizo la mama yule lilikuwa katika ile sakafu ya nyonga. Kila mimba huilemea, na kila uzazi huinyosha. Kukohoa kwa muda mrefu, kufunga choo na kujikamua kwa nguvu, na unene wa kupita kiasi nao huilegeza. Ni maradhi kama maradhi mengine, na yana tiba. Kuzeeka peke yake si sababu ya kukata tamaa.

HAYA ISITUZUIE KUULIZA

Dini yetu imesifu haya, na imeihesabu kuwa ni katika imani. Lakini imebainisha pia kwamba haya haiwi kizuizi cha elimu. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kujifunza dini yao. Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza waziwazi khabari ya damu isiyokatika, naye hakumkemea wala hakumwona hana adabu, alimfundisha namna ya kusali katika hali yake ile. Ikiwa yeye alimwuliza Mtume mwenyewe, kwa nini sisi tushindwe kumwuliza daktari, au mama zetu, au masheikh zetu?

Katika fikihi ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wetu, mtu ambaye hadathi yake haikomi, hata hapati nafasi ya kutawadha na kusali, amepewa ruhusa. Baada ya kuingia wakati hujisafisha, akajifunga vizuri, akatawadha, kisha akasali pasi na kuchelewa. Na kila sala ya faradhi huitawadhia upya. Ama yule ambaye humtoka mara moja moja tu, kama anapokohoa, udhu wake hutenguka kama wa mtu mwingine, naye sharti aufanye upya. Kila mmoja na aulize mwanachuoni wake juu ya hali yake khasa. Lakini hapa ndipo uonekanapo uzito wa jambo hili: mama yule hakuwa amepata ruhusa ya mgonjwa, wala hakuwa na raha ya mzima. Tiba kwake ilikuwa ni njia ya kurudi safuni.

Mabedui walipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, aliwaamrisha watafute. Waswahili nao wamesema, mficha uchi hazai. Wifi alimpeleka mama yule kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani matibabu kwa mazoezi ya viungo. Hakupewa kisu wala sindano. Alifundishwa kuikaza na kuilegeza misuli ambayo hakujua kuwa anayo. Wiki za mwanzo hakuona kitu, na alitaka kuacha. Mwezi wa pili alianza kukohoa bila ya khofu. Ramadhani iliyofuata alisimama tena katika safu, ingawa alichagua kukaa karibu na mlango kwa tahadhari. Sasa amekwisha sogea mbele.

MGONGO KATIKA SALA

Haifai kuifanya sala kuwa mazoezi ya mwili. Sala ni ibada, na mwenye kuisali kwa ajili ya kiuno chake amepoteza lililo kubwa kwa kutafuta lililo dogo. Lakini Mwenye kutuamrisha ibada ndiye aliyeuumba mwili, na si ajabu amri Yake ikiafikiana na umbile Lake.

Tazama jinsi ulivyotiliwa mkazo mgongo katika sala. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Abu Masud (r.a.) kwamba sala ya mtu haimtoshelezi ikiwa hausawazishi mgongo wake katika rukuu na sijida. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akirukuu hakuwa akikiinua kichwa wala kukiinamisha, bali kilikuwa baina ya hayo. Anas (r.a.) amepokea katazo la kuilaza mikono chini katika sijida kama mbwa ailazavyo. Na yule mtu aliyesali kwa pupa alirudishwa mara tatu, akaambiwa kila mara kwamba hajasali, mpaka akafundishwa kutulia katika kila nguzo na kunyoka kabisa anapoinuka.

Katika sala tano za faradhi mna rakaa 17, yaani rukuu 17 na sijida 34 kwa siku. Mwenye kurukuu kwa mgongo ulionyoka, akatulia, hukunja nyonga zake na kuiacha misuli ya ndani ishike kiuno. Mwenye kuinama kwa kuuvimbisha mgongo kama kobe, akanyanyuka kabla hajafika, hukosa sunna na hukosa hata hiyo faida ndogo ya mwili. Haraka haraka haina baraka, na mahali pa kwanza pa kulithibitisha neno hili ni juu ya msala.

Na mwenye maumivu asijilazimishe. Imran bin Husayn (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, aliambiwa asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Kiti msikitini ni rehema kwa mwenye udhuru, wala tusimtazame kwa jicho baya. Lakini kijana ambaye kiti kimekuwa makazi yake kwa kuwa kiuno kimekuwa kizito, naye hajatafuta tiba, afadhali ajiulize.

TONGE, MAJI NA PUMZI

Kuna hadithi nyingine ambayo twaisikia sana, bila ya kulizingatia neno moja lililomo. Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib (r.a.) kwamba mwanadamu hajapata kujaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba yamtosha matonge machache ya kuusimamisha mgongo wake, na ikiwa hana budi, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Mgongo na pumzi vimetajwa pamoja na chakula. Tumbo likishindiliwa, kiwambo hakipati pa kushuka. Mtu hupumua kwa mabega, juu juu, na paa la ile nyumba yetu lasimama bila ya kufanya kazi yake vizuri. Na kitambi kikikua mwaka baada ya mwaka, huuvuta mbele uti wa kiuno na huilemea ile sakafu ya chini. Mwezi wa Ramadhani hutufundisha dawa yake, kama hatutaifuta wakati wa kufuturu.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Wazee wetu walipomweka mtoto mbele ya msahafu walimpa na marfaa. Adabu ilikuwa ni ya kukitukuza Kitabu, lakini palikuwa na faida nyingine: maandishi yalikaribia macho, na shingo ya mtoto haikuning'inia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, pingili hukibeba kwa wepesi. Kikiinamishwa mbele kwa saa nyingi, misuli ya shingo hulazimika kukivuta kama mtu avutaye ndoo kisimani. Leo vijana wetu wana kitabu kingine kisichokuwa na marfaa, nacho ni simu, na hukisoma usiku na mchana hali kidevu kimegusa kifua.

Wataalamu wa sasa hawasemi kwamba kuna namna moja tu ya kukaa iliyo sahihi, wala kwamba kila aliyepinda kidogo atapata maradhi. Wasemalo ni kwamba mwili huchoshwa na kukaa namna moja muda mrefu. Basi mzazi asimpigie mtoto kelele tu za "nyoka!" Amwinue mahali alipo. Amtume dukani, amwache acheze mpira, apande mnazi, aogelee. Mwalimu wa chuo naye, kila baada ya nusu saa, awasimamishe wanafunzi wake dakika mbili. Herufi hazitawakimbia.

Na katika nyumba, tutazame vyombo vyetu. Fagio fupi la chelewa humwinamisha mama kwa muda mrefu. Likitiwa mpini mrefu atafagia akiwa amesimama. Ndoo inyanyuliwe kwa kukunja magoti na kuisogeza karibu na mwili, na pumzi itolewe wakati wa kunyanyua, isizuiwe. Na ndoo mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, khasa kwa mzazi ambaye hajamaliza siku zake arobaini. Vijana wanaume wa nyumbani wakiteka maji hawapungukiwi na kitu, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake.

MAZOEZI MANNE

Haya hayahitaji ala wala fedha. Yahitaji mkeka na subira.

La kwanza ni pumzi. Lala chali, kunja magoti, weka mkono juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua mpaka mkono upande. Itoe polepole, na mwisho wa kuitoa livute tumbo la chini ndani kidogo, kama mtu akazaye mkaja kwa upole. Usibane. Fanya mara kumi.

La pili ni la sakafu ya nyonga. Vuta ndani na juu, kama mtu azuiaye upepo na mkojo kwa pamoja, bila ya kukaza mapaja wala kuzuia pumzi. Shikilia kwa sekunde chache, kisha legeza kabisa. Kulegeza ni nusu ya kazi. Wataalamu wa Uingereza hushauri mikazo isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, ndiye aliyeyatangaza mazoezi ya namna hii mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza. Mtu aweza kuyaunganisha na nyiradi zake baada ya Alfajiri, Adhuhuri na Isha, lakini si ndani ya sala. Wala usiyafanye kwa kuukatiza mkojo chooni kila mara.

La tatu: piga magoti, weka viganja chini, mgongo uwe sawa. Nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, tulia kwa pumzi mbili, kisha badilisha. Asiyeweza aanze kwa mguu peke yake.

La nne ni kutembea. Nenda msikitini kwa miguu ukiweza. Hatua zako zina thawabu, na kiuno chako kitakushukuru.

Aliyejifungua kwa kupasuliwa, au aliye na mimba, amwulize kwanza mkunga au daktari. Na mkaja wa kitambaa je? Hatuupigi vita. Ukifungwa kwa kiasi humpa mzazi faraja. Lakini ukikazwa mno husukuma chini ile sakafu iliyokwisha choka, na hauwezi kushika mahali pa misuli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, halikushauri mikanda ya kiuno kuwa tiba ya maumivu ya muda mrefu. Limeshauri mazoezi na elimu. Kwa hesabu zake, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno katika mwaka wa 2020. Basi mwenye kuumwa asijione kuwa ni yeye peke yake.

DALILI ZA KUTOPUUZWA

Maumivu mengi ya kiuno hupoa. Lakini yakija pamoja na ganzi ya sehemu za siri, au miguu kulegea, au kushindwa ghafla kuzuia haja, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Yakija pamoja na homa, kukonda, au jasho la usiku, asicheleweshwe, kwa kuwa kifua kikuu huweza kuingia katika pingili na kuzila mpaka mgongo ukafanya kibyongo. Mtoto aanzaye kupinda mgongo si wa kuchekwa; ni wa kutibiwa. Na mwanamke ambaye mkojo humchuruzika muda wote baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula, ambayo hutibiwa kwa upasuaji. Huyo si mchafu, wala hakurogwa. Ni dada yetu aliyejeruhiwa katika kutuletea watoto.

DENI LA MKAJA

Ndugu zetu, amepokea Imamu Muslim kwamba kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka juu yake kila kunapopambazuka, na kwamba rakaa mbili za Dhuha zatosha kuwa badali ya hayo yote. Maana yake ni kwamba viungo hivi si mali yetu. Ni amana, na amana hutunzwa. Na imethibiti kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe.

Tunapokaa kuhesabu mkaja wa mama katika posa za watoto wetu, tusidhani kwamba deni limekwisha kwa fedha zilizofungwa katika leso. Mume na amwulize mkewe hali yake kwa upole, na akimjibu asimcheke. Binti na amtekee mama yake maji. Wakwe na wampe mzazi siku zake za kupumzika zikiwa kamili. Na mama mwenyewe asikae nyuma ya mlango na siri yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kusimama mbele Yake, awaponye wagonjwa wetu, na awarudishe safuni wote waliozuiwa na maradhi au haya. Amin.